Jinsi nilivyokula madondo ya Mama Nafula kama dawa ya kichwa mpaka nikamaliza form four

Niaje wakuu,

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wako, wengine wao sai wanakula pale pale. Kwa ukubwa wa chapati nitaongeza chumvi kidogo kwa sababu siwezi kujizuia. Mengine yote chukueni vile yalivyo.

Kwa karibu miaka miwili niliamini, kwa moyo wote na kwa akili yangu timamu ya mtu mzima, kwamba maharagwe, yaani madondo, ya hoteli fulani pale mtaa wa Kongo, Kawangware, hupikwa na tembe za maumivu ya kichwa.

Sio kuamini ya mzaha. Niliamini vile wewe unaamini stima itapotea mvua ikinyesha.

Na sikuogopa. Hapo ndipo mimi na binadamu wengine tunaachana. Mtu wa kawaida akisikia chakula iko na dawa, anahama hiyo hoteli. Mimi nilihamia.

Wacha nianze mahali panafaa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na matangi ya maji. Nyumbani ni Busia. Shule niliacha nikiwa form two kwa sababu ambazo si za uzi huu, nikaja Nairobi, nikakaa Mashimoni kule Kibera miaka mingi kabla kazi kunivuta Kawangware. Nikiwa na miaka thelathini na tatu nikaamua: lazima niwe na cheti cha form four kabla nywele yote iishe kichwani.

Nikaingia night class. Shule yenyewe ni kanisa ya mabati, viti vya plastiki, balbu moja, na mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya kusikika mpaka Ngong. Tulikuwa watu kumi na wanne, mdogo wetu ana miaka ishirini na sita. Nawaambia hivi, darasa letu lilikuwa na vipara vingi kuliko bunge.

Program yangu ilikuwa hivi. Kutwa nzima karakana. Jioni napiga maji usoni, naenda darasani. Natoka, nalala.

Supper nilikuwa nimekata. Nyumbani tuliambiwa tumbo ikijaa macho inafunga, na mimi sikuwa nimelipa karo nije kusinzia kwa algebra. Kikombe kimoja cha strungi, chai bila maziwa, basi. Nilijiona komando.

Shida ilikuwa asubuhi. Nilikuwa naamka na kichwa, wakuu, si kichwa cha kawaida. Ni kama kuna fundi mwingine ameingia ndani ya paji langu anachomelea geti la futi kumi, na hajui kazi.

Nikamwambia Kevo. Kevo ni mwenzangu karakana, mtu wa kujua kila kitu ya mtaa.

Akaniuliza, "Kwani huendangi kwa Mama Nafula?"

"Kufanya nini?"

"Kula madondo, buda. Wewe unadhani yanaiva laini vile aje? Anaweka dawa ya kichwa kwa sufuria. Pakiti mbili nzima."

"Nani amekuambia?"

"Ai! Kila mtu anajua."

Na hiyo "kila mtu anajua" ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote Nairobi. Hata mahakamani sijui kama kuna unaoushinda.

Kesho yake asubuhi nikaenda.

Kwa wale hawajafika, hiyo hoteli haina jina mlangoni. Ni mabati iliyopakwa bluu, meza ndefu nne, mabenchi, na ubao mweusi umeandikwa kwa chaki. Inafunguliwa saa kumi na moja na nusu asubuhi, inafungwa saa tisa mchana sufuria ya mwisho ikikwanguliwa. Breakfast na lunch tu. Mama Nafula husema mtu akitaka supper apike kwake.

Nimekula pilau ya Makina tangu nikiwa kijana wa Kibera, na pilau ya Makina naiheshimu mpaka leo. Lakini chapati za huyu mama ni kitu ingine. Ukiikunjua moja unaweza kufunika pikipiki, na abiria asinyeshewe.

Anayehudumu ni Shiko. Shiko haandiki order. Anazipigia kelele kutoka mahali amesimama mpaka jikoni, kwa hivyo hoteli nzima inajua unakula nini. "Chapo mbili madondo, supu mingi, meza ya mlango! Ugali matumbo, asiwekewe pilipili, ako na vidonda vya tumbo!" Siri yako inafika jikoni kabla yako.

Nikala chapo mbili madondo, nikaongezewa supu. Kufika robo saa, yule fundi wa kichwani akazima mashine, akakusanya vifaa, akaenda.

Kichwa ikawa nyepesi kama balloon.

Kuanzia hapo ikawa sayansi. Kichwa ikiuma upande mmoja, chapo moja na upawa mmoja wa supu. Ikiuma pande zote, chapo mbili, supu mara mbili. Ikiuma mpaka meno, nilikuwa naongeza andazi la kusukuma dawa. Siku moja sikusikia kichwa hata kidogo, nikala tu, nikasema hii ni ya kuzuia.

Nikaanza hata kutibu watu. Kuna mama mmoja darasani, Mama Brayo, anauza mtumba, goti lilikuwa linamsumbua. Nikamwandikia madondo wiki nzima. Akaja kuniambia goti liko vile vile. Nikamwambia goti iko mbali na tumbo, dawa inachelewa njiani, avumilie.

Alivumilia, masikini.

Sasa mtihani ukafika.

Nataka muelewe uzito wa hii kitu. Mdosi wa karakana alinipa ruhusa ya kukosa kazi asubuhi za mtihani, na akaniambia kwa uso mkavu ni mara hiyo moja tu, mwaka mwingine nisimwambie habari ya shule. Na mathe wangu kule Busia alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba kijana wake anafanya form four. Kanisa lote linaniombea kwa jina. Sasa ukifeli, unarudi Krismasi na uso gani?

Center yetu ilikuwa shule moja kule Kibera, karibu na Makina. Mpango wangu ulikuwa tayari: saa kumi na mbili niko kwa Mama Nafula, namaliza dose, nakata Kawangware kwa miguu, navuka Ngong Road, nateremka Kibera, naingia paper kichwa ikiwa safi.

English ilienda poa. Madondo mbele, insha nyuma.

Siku ya hesabu nikafika, nikaketi, nikaona Shiko anakuja bila kelele. Nikajua kuna jambo.

"Leo hakuna madondo, fundi. Maji imepotea Kongo nzima tangu jana. Iliyobaki imetosha ndengu tu."

Wakuu, nilisikia baridi kuanzia kwa visigino. Hesabu! Siku ya hesabu! Na yule fundi wa kichwani alikuwa ameshaanza kazi tangu nitoke kwa nyumba.

Nikainuka nikaenda mpaka dirisha la jikoni. Mama Nafula alikuwa anageuza chapati. Ni mama mnene wa makamo, leso kiunoni, anaongea polepole. Nikainama nikamwambia, kwa kunong'ona:

"Mama, sasa niuzie tu ile dawa peke yake. Tembe mbili. Nitameza na chai."

"Dawa gani?"

"Ile huwa unaweka kwa madondo."

Sasa hapa ndio nilikosea. Mtu akikaa miaka mingi karibu na grinder, anasahau kunong'ona kunafanywa aje. Nilidhani nimenong'ona. Kumbe nimetangaza.

Vijiko vikasimama hewani.

Jamaa mmoja wa mjengo, helmet bado kichwani, akauliza, "Ati dawa?"

Mtu wa boda aliyekuwa kwa meza ya mlango akasema, "Ndio maana mimi hulala kwa stage nikimaliza kula hapa!"

Watu wakapasuka. Yule wa boda akaona amepata soko, akaendelea, "Daktari, hebu tusaidie. Na mtu wa malaria, hapa anakula nini? Matumbo?"

"Na mimi mgongo, daktari!" wa mjengo akasema. "Niandikie kitu ya mgongo!"

Shiko alicheka mpaka vikombe vikaanza kugongana kwa trei.

Mama Nafula hakucheka.

Alisimama na mwiko wa chapati mkononi akaniangalia. Hapo ndipo nikaelewa nimefanya nini. Huyu mama anaamka kabla ya jogoo, analisha nusu ya Kongo, na mimi nimesimama mbele ya wateja wake wote nikasema anawawekea watu madawa kwa chakula. Nikatafuta shimo la kuingia, sikuona. Nikangoja huo mwiko.

Macho yake yakashuka mpaka mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika mfuko wa mtihani, ule wa plastiki wa kuonyesha ndani: kalamu mbili, kitambulisho, geometrical set.

"Leo ni paper gani?"

"Hesabu, Mama."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akageuka akapaza sauti. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti, na hata Shiko alishtuka. "Chapo tatu ndengu, chai kubwa, meza ya dirisha! Na nyinyi wengine, mnyamaze. Kuna mtu hapa ako na mtihani."

Nawaapia, watu wa mjengo hawanyamazi hata kwa matanga. Siku hiyo walinyamaza. Yule wa helmet akasonga kando, akanipanguzia meza kwa mkono wake. Mtu wa boda akala ndengu zake kama mtu ako maktaba.

Nikala chapo tatu. Tatu! Nikaenda Kibera nikitembea kama gavana.

Na hesabu? Swali la tisa lilikuwa tangi la silinda, mtu anataka kujua linashika maji lita ngapi. Mimi, ambaye nimechomelea matangi mpaka nikaota nikiwa ndani ya moja. Nilifanya hilo swali nikicheka. Msimamizi alikuja mara mbili kuangalia kama niko sawa.

Kichwa hakikuuma hata dakika moja.

Lakini aibu ni kitu mbaya. Paper iliyofuata ilikuwa kemia, na kesho yake asubuhi sikuweza kupita mbele ya ile mabati ya bluu. Nikazunguka njia ya nyuma kama mtu anadaiwa na mtaa mzima. Nikaenda Kibera na strungi ya jana usiku tumboni.

Saa tatu hivi fundi wa kichwani akarudi. Tena alikuja na wasaidizi. Herufi za karatasi zikaanza kutembea. Maswali mawili ya mwisho niliyaacha meupe, nikaweka kichwa kwa meza.

Nikiwa hapo kwa meza, akili yangu ya kisomi ikafanya kazi. Nikasema: jana sikula madondo, nilikula ndengu, na kichwa hakikuuma. Leo sikula kitu, kichwa kinauma. Kwa hivyo?

Kwa hivyo dawa iko pia kwa ndengu.

Msicheke. Niko na cheti sasa, na hiyo ndiyo logic nilienda nayo.

Siku iliyofuata nikarudi kwa Mama Nafula, kichwa chini kama mbwa amekula kifaranga. Nikaanza, "Mama, juzi yale maneno yangu..."

"Kaa ukule," akaniambia. "Ukimaliza mtihani wako wote tutaongea. Mtu wa mtihani haongezewi mambo."

Na hivyo ndivyo ilikuwa mpaka paper ya mwisho. Meza ya dirisha ikawa yangu. Nikichelewa, Shiko anaweka thermos hapo juu mtu asikae. Jina langu likawa Daktari. Mtu akiingia anauliza, "Daktari, leo ni nini?" nasema biology, na hoteli nzima inashusha sauti.

Yule wa boda asubuhi moja akachukua kitabu changu akasema atanipima. Akauliza, "Moyo uko na vyumba ngapi, vinne?" Nikasema vinne. Akapiga meza, "Huyu mtu amesoma!"

Sasa wakuu, matokeo.

Nilikuwa karakana mchana, miwani ya kuchomelea usoni, ujumbe wa matokeo ukaingia kwa simu. Sikuamini, nikamwambia Kevo asome. Kevo akasoma, akasoma tena.

C plain.

Ya mtu wa miaka thelathini na tano! C plain, wakuu! Hesabu C minus, Kiswahili B, na kemia D, ambayo mnajua ilitoka wapi. Kuna watu wamepata A na hawajawahi kuifurahia vile mimi nilifurahia hiyo C. Ningeweza kuichomelea kwa geti la mtaa.

Nilikimbia Kongo na apron yangu ya ngozi. Ilikuwa saa ya lunch, hoteli imejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Mama Nafula akapanguza mikono, akachukua simu, akasoma somo moja moja kwa sauti. Yeye mwenyewe aliachia darasa la saba, aliniambia baadaye. Alipofika mwisho akasoma C ile mara mbili, akampa Shiko simu.

Shiko akajaza kifua.

"C moja! Plain! Haina mafuta! Meza ya dirisha!"

Jamani. Vijiko vilipigwa kwa meza mpaka chumvi ikamwagika. Wa boda akatoka nje akapiga honi ya pikipiki yake, na za wengine zikaitikia stage nzima bila kujua sababu. Wa helmet alinibeba. Mimi ni kilo themanini na tano, na yeye ndiye yule alisema mgongo unamsumbua.

Nikampigia mathe. Nikamwambia. Nikasikia tu anaita watu. Mama Nafula akaninyang'anya simu, akaanza kuongea naye kiluhya, "Mtoto wetu amepita," nikasikia, na wakaendelea wawili hao kama waliolelewa boma moja mpaka credo ya simu yangu ikaisha.

Mtoto wetu. Na niko na kipara.

Nikiwa na funzo, wacha niliweke hapa kabla ya kumaliza, juu nikishaandika mwisho sitakuwa na la kuongeza. Usiaibike kurudi shule na ndevu. Ukikosea mtu mbele ya watu, rudi, hata kama unarudi kwa sababu ya tumbo. Na mtu akikuambia "kila mtu anajua", muulize huyo kila mtu anakaa plot gani.

Kama na wewe kuna uvumi wa chakula uliwahi kumeza mzima mzima, weka hapa chini tucheke pamoja. Na walio night class sai, semeni mko wapi, tuwapigie vijiko.

Sasa, siku hiyo ya matokeo lunch ikaisha, watu wakapungua. Mama Nafula akaja akaketi mbele yangu, mara ya kwanza kumwona ameketi.

"Mtihani umeisha. Sasa tuongee. Nani alikuambia naweka dawa kwa maharagwe?"

"Mama, kila mtu anajua."

"Mimi ndio napika, na mimi sijui."

Nikakuna kipara.

"Nayaloweka jioni," akasema. "Asubuhi yanaiva haraka. Kitunguu, nyanya, chumvi. Hakuna kingine."

"Sasa Mama, kichwa yangu ilikuwa inapona aje?"

Akaniuliza:

"Usiku ulikuwa unakula nini ukitoka darasa?"

"Strungi."

"Na nini?"

"Strungi tu."

Akavuta sahani ya chapati akaisukuma upande wangu.

"Fundi, hukuwa mgonjwa. Ulikuwa na njaa."